Sura ya Saba: Kioo Kidogo cha Tramu

Alipoweka mguu kwenye kidaraja cha tramu, Nada alijiapia kuwa leo hashuki mpaka Anas amtazame usoni na amwambie kwa mdomo wake kama anamtaka au hamtaki. Kimya cha simu kilikuwa kimemchosha.

Nyuma yake bibi yake, Bi Zuwena, alikuwa akipanda kwa kuhema, mkono mmoja umekumbatia mkebe wa visheti, wa pili unatafuta pa kushika. Akapata kamba, akaivuta kwa nguvu zake zote. Ting'! Ikalia kengele, watoto waliokuwa ndani wakacheka.

"Auntie, hapana, si hiyo!" alisema Norman, kijana wa Kenya aliyekuwa akisimamia mlango na tiketi. "Shika ile chuma ya njano."

"Nimeivunja, baba?"

"Hujaivunja. Umempigia driver simu tu."

"Basi kama ingekuwa kazi rahisi hivyo kumpata kwa simu," alisema Nada, "wengine tusingepanda ndege toka Riyadh."

Alisema kwa sauti makusudi, asikie yule aliyesimama mbele na mkono wake juu ya usukani wa shaba. Yule hakugeuka. Alimwamkia bibi tu, akitazama sakafu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo kidogo."

Na Nada hakupewa hata salamu.

Ilikuwa tramu ya zamani sana, imeletwa kutoka ng'ambo mbao zake zimeoza, mafundi wakaifufua ubao kwa ubao ili itembeze watu kando ya bahari ya Jeddah, kutoka upande wa Balad, kupitia Ruwais, mpaka kwenye bustani ya mwisho wa reli. Ilipakwa rangi ya kijani cha jani la mgomba chini na rangi ya maziwa juu. Haikuwa na vioo ubavuni, upepo wa bahari uliingia huku ukatokea kule. Viti vyake vilikuwa vya mbao, na migongo yake ilikuwa ya kugeuza, kwa sababu tramu ile ikifika mwisho haizunguki. Dereva huchomoa usukani wake akaenda kuuchomeka upande wa pili, na abiria hugeuziwa viti.

Juu ya kichwa cha dereva palikuwa na kioo kidogo, si kikubwa kuliko kiganja, cha kutazamia abiria. Mapenzi ya Nada na Anas yalizaliwa ndani ya kioo hicho.

Msimu wa baridi uliopita Nada alikuja kutembea na binamu yake Amal. Walikuwa wakaazi wa Malaz, mjini Riyadh. Pindo la abaya yake lilinaswa kidarajani, dereva akaikamata breki na akasema peke yake, kwa Kiswahili, "Ya Rabbi, kidogo nimuumize mtoto wa watu!"

Nada akasahau hata kuogopa. "Kumbe wa kwetu!"

"Wa kwetu wapi?"

"Malaz."

"Malaz si Unguja."

"Na Ruwais kwenu ni Unguja?"

Wakacheka. Babu zao walitoka Unguja mwaka wa sitini na nne, na mpaka leo majumbani mwao, yeye Riyadh na mwenziwe Jeddah, hupikwa boko boko siku ya Idi na watoto hugombezwa kwa Kiswahili. Toka siku hiyo kila Nada akija Jeddah alipanda tramu, akakaa karibu na dereva, Amal ubavuni mwake, na macho yake yakakutana na ya Anas kiooni. Kuzungumza hawakuweza. Palikuwa na kibao kimeandikwa kuwa dereva hasemeshwi tramu ikenda, na palikuwa na Amal, ambaye wakitazamana sana alikohoa.

"Iko siku," Anas alimwambia mara moja kwa simu, "nitakupandisha peke yako. Behewa zima lako, bila ya Amal kutukohoa."

"Na siku hiyo utanifanyia nini?"

"Nitakutazama tu. Na siku ya ndoa nitakuomba kitu kimoja. Uufungue mtandio mwenyewe, kwa mkono wako. Nimeshautazama mtandio vya kutosha, sasa nataka kujua umeficha nini."

Tangu hapo Nada hakuoga wala hakuchana nywele bila ya kulikumbuka neno hilo.

Kisha ikaja posa. Ijumaa iliyopita mama yake Anas, Bi Saleha, alifika Malaz na wanawake wenziwe, na sinia la posa limefunikwa kitambaa cha kudarizi. Wakakaribishwa chumbani kwa Bi Zuwena, ikamiminwa kahawa. Nada alikuwa jikoni anasikiliza. Alisikia vicheko, akasikia vikombe, halafu akasikia kimya. Alipochungulia alimwona Bi Saleha amesimama, uso umempauka, anaomba maji. Hakukaa tena. Wakaondoka na sinia lao, kitambaa juu yake, kama watu waliokosea mlango. Na toka hapo simu ya Anas ikafa.

Hapana aliyemwambia kitu. Baba yake, Mselem, alijifungia chumbani. Jana usiku bibi akamwambia afunge begi, wanakwenda Jeddah. "Kufanya nini?" "Kupanda tramu." Hilo tu.

Sasa tramu iliondoka, magurudumu yakisaga reli. Nada alikaa kiti cha pili kutoka kwa dereva. Aliweza kuhesabu nywele za shingo ya Anas. Aliinua macho kiooni, akakuta kope zimeinamishwa.

"Anas."

Norman akamnyooshea kidole kibao. "Sista, driver haongeleshwi. Bosi akiona ni mimi nitaulizwa."

"Simsemeshi dereva. Nazungumza na bahari, bahari nayo ina bosi?"

"Ya bahari siijui," alisema Norman, akarudi nyuma taratibu kwa adabu.

Nada akaugeuzia uso wake majini. "Ewe bahari, nikuulize. Mwanamume akikwambia nakuja kwenu na wazee wangu, kisha wazee wakaondoka bila ya kwaheri, na yeye akazima simu, huyo anaitwa nani?"

Masikio ya Anas yalibadilika rangi.

"Nada, nyamaza," alisema Bi Zuwena.

"Toka Ijumaa nimenyamaza, bibi. Mama yake kanitazama akaniona nini? Mweusi? Yatima? Au nyumba yetu ndogo?"

"Hakuna hata moja katika hayo."

"Basi nini?"

"Tufike Ruwais."

"Ruwais kuna nini?"

Bi Zuwena alifungua mkebe, akatazama visheti, akaufunga tena. "Funga mtandio wako, unapeperuka," alisema. Nada akaufunga, lakini macho hakuyatoa kwenye mkebe.

Kituo cha Ruwais Bi Saleha alikuwa akingoja jua usoni, mwanamke mnene wa makamo mwenye uso wa upole. Alipanda bila ya kumtazama mwanawe. Akafika kiti cha mbele, akaushika mgongo wake na kuugeuza, akakaa kuwaelekea, magoti kwa magoti na Nada, mgongo wake umemgeukia Anas.

"Nada, mwanangu."

"Usiniite mwanangu, Bi Saleha. Ungelitaka niwe mwanao ungelifunua sinia."

"Wewe ni mwanangu. Ndiyo maana sikulifunua."

Tramu ikaondoka. Nada akamtazama bibi yake, bibi akatazama mkebe.

"Ile picha ukutani kwa bibi yako," alisema Bi Saleha, "mwanamke aliyevaa kanga ya kisutu, amekushika mapajani. Nani?"

"Mama yangu. Shemsa. Alifariki huku Jeddah nilipokuwa mchanga. Walikuja umra."

"Namjua. Walifikia jengo letu, mlango kwa mlango. Akashikwa na homa, akalazwa, na baba yako hakutoka mlangoni pa hospitali. Sisi tukimwita Abu Sultan, kwa jina la kaka yako. Mselem nimekuja kulisikia kwenye posa, nikadhani ni mtu mwengine. Na wewe tukikuita Kishemsa. Walipomzika mama yako akakubeba akenda zake Riyadh, na hakurudi tena Ruwais. Nilimlaumu? Sikumlaumu. Nani anarudi mahali pale?"

"Sasa mnanilaumu miye kwa hayo?"

"Skiza. Baba yako kila akitoka hospitali alileta makopo ya maziwa, anayapitisha mlangoni, anauliza 'mtoto hajambo?' tunamwambia hajambo, anaondoka. Mwanamume ataingia jikoni kwa wanawake atazame? Wewe kopo hukulitaka, mwanangu. Ulilia mpaka ukawa rangi ya zambarau. Na miye nna mtoto mchanga, kifua kimenijaa mpaka nguo imerowa."

Mbele, mkono wa Anas uliibana shaba mpaka vifundo vikawa vyeupe.

"Na makopo?" aliuliza Nada. Hata mwenyewe hakujua kwa nini ameuliza hilo.

"Tulipikia chai. Na tambi."

"Na Mselem mwanangu miaka yote ananiapia!" alipasuka Bi Zuwena. "Miye nilikuwa nimelala Malaz mguu umevunjika, sikuwepo. Kabla hamjaja na posa nilimuuliza, kwetu huulizwa ziwa alilonyonya mtoto kabla ya ukoo. Akanambia, 'Kopo, mama, nimelinunua kwa mkono wangu.' Kalinunua kweli, maskini. Hakusema uongo."

Bahari ilikuwa ikimetameta. Watoto wa abiria wengine walikuwa wakigombania nani akae ukingoni.

"Mara ngapi?" alisema Nada haraka. "Mara moja, mara mbili, haifanyi undugu wa ziwa. Lazima ziwe tano, za kushiba. Nimesoma, miye. Mara ngapi, Bi Saleha?"

"Nada..."

"Sema! Labda ulinionjesha tu. Labda nililala."

Bi Saleha alimshika mikono yote miwili. "Mama yako alilazwa Rajabu, Shaabani ikaandama bado uko ubavuni mwangu. Usiku na mchana. Huku Anas, huku wewe. Yeye alikuwa mroho, akimaliza upande wake anakupiga teke. Nikiwatenganisha mnalia nyote. Nikiwarudisha mnashikana vidole."

"Wamekwisha ulizwa masheikhe," alisema Bi Zuwena taratibu. "Wa huku kaulizwa, wa Riyadh kaulizwa, baba yako katafuta mwengine tena, labda atasema vyengine. Neno lao moja."

Nada alijaribu kucheka, kikatoka kitu chengine. "Ungelinyamaza," alimwambia Bi Saleha. "Kwa nini hukunyamaza? Picha ni picha tu. Ungelinywa kahawa yako, ukafunua sinia. Nani angelijua?"

"Miye ningelijua. Kila ukinizalia mjukuu ningelijua. Ningelimpakata vipi?"

"Basi ungeliniacha siku ile na njaa yangu."

"Ungelikufa."

"Bora."

"Astaghfirullah!" alisema bibi.

Lakini Bi Saleha hakukasirika. Machozi yalimshuka bila ya sauti, na akasema, "Hata leo, nikijua yote haya, ukilia vile nitakunyonyesha. Nifanyeje? Nambie wewe uliyesoma."

Nada aliitoa mikono yake taratibu katika mikono ya Bi Saleha.

Tramu ilipunguza mwendo, ikasimama mwisho wa reli, pembeni ya bustani. Abiria wakateremka kupiga picha. Norman akapita katikati akigeuza migongo ya viti, kimoja baada ya chengine, pa, pa, pa, na alipofika kwa wanawake watatu akatazama nyuso zao, akaruka kiti hicho. "Chukueni time, auntie," alisema, akashuka kwenda kuvuta sigara.

Bi Saleha alimshika Bi Zuwena mkono. "Twende tukanyooshe miguu." Wazee wakateremka.

Anas alichomoa usukani wa shaba. Alitakiwa aubebe mpaka upande wa pili, lakini alipofika alipokaa Nada akasimama, shaba imemning'inia mkononi.

"Umejua lini?" aliuliza Nada.

"Jumamosi. Mama alirudi toka Riyadh akalala siku nzima uso ukutani. Nilidhani mmetutukana. Nikamkasirikia bibi yako, unajua? Nikawa napanga maneno ya kuja kumwambia."

"Na miye nilidhani nyinyi ndio mmetutukana."

"Laiti ingekuwa matusi. Matusi huombwa radhi, yakaisha."

"Kwa nini hukunipigia?"

"Nikupigie nikwambie nini? 'Ahlan, dada yangu, umeamkaje?' Kila nikishika simu ulimi unakufa."

Neno dada lilianguka baina yao kama sahani.

"Anas, nimekuja kukuuliza kitu kimoja, na nimeapa. Nambie hunitaki. Nambie tu, hata kwa kunidanganya, niondoke nalo."

"Siwezi kusema uongo."

"Basi sema unanitaka."

"Na hilo pia siwezi kulisema tena." Aliugeuzageuza usukani mkononi. "Natafuta wa kumlaumu, Nada, simpati. Mama kamwokoa mtoto. Baba yako kanunua maziwa. Wewe ulikuwa na njaa. Na miye nilikuwepo tu pale, mroho."

"Ukinipiga teke."

"Ndivyo anavyosema."

Walitaka kucheka, wakakaribia kabisa kucheka, na hilo likawaumiza kuliko kulia.

"Utafanya nini?" aliuliza Nada.

"Nitaendesha. Balad, Ruwais, bustani, narudi. Na wewe?"

"Sijui. Watanitafutia mtu, nadhani. Siku ya harusi yangu wewe utaingia ndani na baba na Sultan, mtanishika mkono. Umelifikiria hilo?"

"Sijalifikiria jengine."

Norman alikohoa huko chini. "Bro, muda. Control wanauliza."

Anas akenda upande wa pili, akachomeka usukani. Juu yake palikuwa na kioo chengine kama kile cha kwanza. Nada akabaki alipokuwa, peke yake akitazama wanakotoka, kwa kuwa kiti chake hakikugeuzwa. Wazee wakapanda, Bi Saleha macho mekundu, Bi Zuwena amejifunga kanga ya ndani vizuri, kama mtu aliyekwisha kata shauri. Abiria wengi walibaki bustanini. Tramu ikaondoka.

Walipofika Ruwais Bi Zuwena alisimama.

"Miye nashuka. Nakwenda kwa Bi Saleha kunywa chai, nikaone chumba alikolala Shemsa. Wewe endelea mpaka Balad, kisha Anas akimaliza zamu yake atakuleta."

Nada alimtazama kama hakumfahamu. "Atanileta? Miye na yeye?"

"Wewe na yeye."

"Peke yetu?"

"Peke yenu. Ni maharimu wako, mwanangu, ndugu asiyeweza kukuoa. Awe dereva wako, akusafirishe, akupeleke Makka ukitaka. Hakuna tena wa kukukohoa." Bibi aliuweka mkebe wa visheti mapajani mwa mjukuu wake. "Hivi nilimpikia mkwe. Mpe kaka yako."

Wakashuka, wakasimama kituoni wameshikana mikono, wanawake wawili waliokuwa wamengojea harusi moja. Mama mmoja wa Kisaudi akashuka na watoto wake pia. Ndani hakubaki mtu.

Behewa zima lilikuwa lake.

Nada alisimama, akaugeuza mgongo wa kiti alichokuwa amekalia, pa, akenda kukaa nyuma ya dereva, mkebe mapajani. Norman alikuwa kwenye kidaraja cha nyuma, kawapa mgongo.

"Anas, bro," alisema bila ya kugeuka, "ile kibao leo siioni. Ongeeni tu."

Walikuwa na ruhusa yote waliyoililia mwaka mzima, na hawakujua waitie wapi.

Reli ilipokaribia maji upepo ukaja wote kwa pamoja. Mtandio ulimteleza Nada kichwani, ukamwangukia mabegani, na nywele zake, nyeusi, ndefu, alizozisuka asubuhi kwa mikono yenye hasira, zikafumuka shingoni. Mkono wake uliruka kuudaka, kama ulivyofundishwa toka utotoni. Ukafika katikati.

Ukasimama hapo.

Haikuwa na haja. Alikuwa mbele ya kaka yake.

Aliushusha mkono taratibu, akauweka juu ya mkebe. Akainua macho kiooni, na humo, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akayakuta macho ya Anas yanamtazama. Yalimtazama usoni, kama alivyoapa kuwa lazima yamtazame. Kisha yakapanda kwenye nywele, yakakaa hapo kidogo, yamejaa maji.

Anas akanyanyua mkono wake wa kushoto, akakishika kile kioo kidogo, akakigeuza mpaka kikawa kinatazama dari, mbao tupu za rangi ya maziwa. Halafu akapiga kengele, mara moja na mara nyengine, ingawa mbele yake relini hapakuwa na mtu.